Sheria ya Ubakaji Kismayu na Haki ya Aliyetendewa

Kosa la ubakaji limepita chini ya sheria kadhaa katika Kismayu, kusini mwa Somalia, na kila iliyokuja iliikuta nyingine ingali hai. Ya zamani ni fiqhi ya Kishafii, iliyofuatwa na makadhi wa pwani. Kwa fiqhi hiyo mwanamke aliyelazimishwa si mzinifu wala hana adhabu. Aliyemwingilia kwa nguvu huadhibiwa, na juu ya hayo hudaiwa mahari, nayo ni mali ya mwanamke mwenyewe.

Waingereza walikuja na Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo haikumhesabu mume kuwa mbakaji wa mkewe, isipokuwa mke akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1925 Jubalandi, eneo lenye Kismayu, ikakabidhiwa Italia. Kanuni ya Italia ya mwaka 1930, iliyouweka ubakaji miongoni mwa makosa dhidi ya maadili ya umma, ndiyo iliyofuatwa kama kielelezo wakati Somalia huru ilipotunga kanuni yake ya mwaka 1962. Kifungu chake cha 398 kinatoa kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa anayemwingilia mtu kwa nguvu au vitisho. Adhabu si ndogo. Kasoro ni kwamba kosa limewekwa chini ya staha na heshima, kana kwamba kilichojeruhiwa ni jina la ukoo. Italia yenyewe ililihamishia kwenye makosa dhidi ya nafsi ya mtu mwaka 1996.

Fikra hiyo ya heshima imekutana na xeer, sheria ya kimila ya Wasomali, ikapata nguvu. Wazee wa koo mbili hukaa, diya, yaani fidia, hukadiriwa, wanaume hupokezana mali, na pengine msichana huozwa kwa yule yule aliyemdhulumu. Yeye haulizwi. Wabajuni wa visiwa vya Chula, Chovai na Koyama waliyajua machungu zaidi baada ya dola kuanguka mwaka 1991: waliovamiwa na wanamgambo hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwadaia hata hiyo diya. Ni wajibu wa wazee kuacha kuzimaliza kesi hizi barazani. Aliyetendewa afikishwe kwa daktari na polisi mapema, kabla ushahidi haujapotea.

Oktoba 2008, wapiganaji wa kundi la Al-Shabaab walimpiga mawe mpaka kufa, katika uwanja wa michezo wa Kismayu, msichana wa miaka 13 aliyekuwa amekwenda kushtaki kwamba amebakwa na wanaume watatu. Walimhukumu kwa zinaa. Hukumu hiyo iliivunja fiqhi waliyodai kuisimamia.

Jirani wamesonga mbele: Tanzania ilitunga sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998, Kenya mwaka 2006, na Puntland mwaka 2016. Huko Mogadishu, Baraza la Mawaziri la Somalia liliridhia mswada wa namna hiyo mwaka 2018, lakini mwaka 2020 bungeni ukafikishwa mwingine, uliopingwa vikali kwa kufungua mlango wa ndoa za watoto. Inawapasa wabunge waurudie ule wa 2018, na waandike humo waziwazi kwamba suluhu ya wazee haifuti mashtaka.