Hitilafu ya Umeme Garini Itafutwe kwa Kipimo

Motokaa nyingi zipitazo katika barabara zetu hazikununuliwa zikiwa mpya. Zilitumika miaka mingi huko Japani, zikapakiwa melini, zikateremshwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha zikashika njia ndefu ya bara mpaka Malaba au Mutukula, ndipo zikapewa namba za Uganda. Sheria iliyopitishwa mwaka 2018 ilizuia kuingizwa nchini motokaa zenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu zilipotengenezwa, lakini zilizokwisha kuingia kabla yake hazikurudishwa zilikotoka. Zile Toyota Corolla za miaka ya 1990, ambazo wananchi wamezibandika jina la "Kikumi", bado zinapeleka watoto shuleni na matoke sokoni. Injini zake ni za kusifiwa. Kinachowasumbua wenyewe aghalabu ni umeme: taa iwakayo leo na kesho isiwake, honi iliyonyamaza, betri iliyolala na nguvu ikaamka imekufa.

Twapenda leo kutoa maoni yetu juu ya hitilafu hizi ndogo ndogo, kwa sababu twaona kwamba zinawatoa wananchi fedha nyingi bure, na pengine zinahatarisha maisha yao. Maoni yenyewe ni haya: mwenye motokaa anapaswa kuitafuta hitilafu mwenyewe, nyumbani kwake, kwa kipimo, kabla hajakubali kununua kipuri chochote. Kuitengeneza ni jambo jingine, na anaweza kumwachia fundi. Kuyachanganya mambo haya mawili ndiko kunakowafanya watu wengi waogope hata kufungua boneti.

Wako watakaotujibu kwamba kazi ya fundi aachiwe fundi. Hoja hiyo twaiheshimu, ila yatupasa tuitazame fundi mwenyewe anavyofanya kazi. Gari linafikishwa kwake chini ya mwembe na maneno mawili tu, "haiwaki vizuri", naye ana wateja wengine wanne wanaomngojea. Njia ya mkato ni kubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine mpaka shida iondoke, na kila kipuri kilichobadilishwa bila sababu kimelipwa na mwenye gari. Jeshini dereva, awe kuruta au afisa, hapaswi kuondoa gari asubuhi kabla ya kukagua mafuta, oili, maji, umeme na magurudumu. Desturi hiyo haijamnyima kazi fundi wa kikosi hata siku moja, imempunguzia kubahatisha.

Vifaa vinavyohitajiwa ni vichache: kipima-umeme kidogo cha mkononi, kile ambacho mafundi hukiita mita, na ambacho bei yake haifiki nusu tangi ya petroli, spana namba 10, kipande cha msasa, na daftari. Kabla ya kugusa chochote, pete na saa ya chuma zivuliwe, na sigara izimwe, kwa kuwa betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni ambayo cheche moja yatosha kuilipua. Ikibidi kufungua waya za betri, ule wa hasi hutangulia kufunguliwa na huwa wa mwisho kufungwa. Mwili mzima wa gari umeungwa na upande wa hasi. Basi ukianza na chanya, spana ikateleza na kugusa chuma cha gari, nguvu yote ya betri itapita katika spana hiyo, na mkono ulioishika utaungua.

Kazi ianzie kwenye betri, hata kama ubaya unaonekana kwenye taa ya nyuma. Baada ya gari kulala usiku kucha, betri nzima iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12.2 imebaki karibu nusu. Ikishuka hadi 12.0 au chini ya hapo, haina kitu. Injini ikinguruma, katika motokaa za umri huu kipimo chapaswa kupanda mpaka kati ya 13.8 na 14.5, maana sasa altaneta inafanya kazi yake. Kisipopanda, betri haichajiwi, na kununua betri mpya ni kutupa fedha, kwani nayo itakwisha vile vile. Hapo utazamwe kwanza mkanda unaozungusha altaneta, kama haujalegea au kupasuka. Ni ajabu ni mara ngapi ugonjwa wa altaneta huwa ni ugonjwa wa mkanda.

Kuna kipimo kingine ambacho twakipenda kuliko vyote, nacho hakifanywi na watu wengi. Stata ya gari dogo hula zaidi ya ampea 100 inapozungusha injini baridi. Tuseme ni 150. Ikiwa kati ya kichwa cha betri na koleo la waya umejaa ule unga mweupe wa tindikali, na unga huo ukauzuia umeme kwa omu 0.02 tu, kiasi ambacho hakuna jicho lingeweza kukishuku, basi volti 3 zitapotea papo hapo, na stata itaguna bila kugeuka. Mwenye gari atasema betri imekufa, na muuza betri hatambishia. Dawa ni kumwomba mtu azungushe ufunguo huku ncha moja ya mita ikiwa juu ya kichwa chenyewe cha betri na ya pili juu ya koleo lililokikamata. Mita yapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikivuka nusu volti, tumia msasa na maji ya moto, nawe umekwisha kuokoa bei ya betri.

Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, aliambiwa na fundi wake: "Mzee, altaneta imekufa, tuweke nyingine." Bei ya altaneta ya mtumba ilikaribia pensheni yake ya mwezi. Tulimwomba asubiri mpaka Jumapili. Siku hiyo, injini ikinguruma, mita ilisoma 12.1 kwenye betri. Kwenye bolti ya altaneta, pale unapoanzia waya mnene uendao kwenye betri, ilisoma 14.3. Mwalimu, ambaye alifundisha hesabu maisha yake yote, alizitazama tarakimu hizo daftarini akasema, "Basi, Afande, volti mbili na ushei zimepotelea njiani." Tukaufuata waya. Ndani ya sanduku la fyuzi lililo karibu na betri, kiungo kimoja kilikuwa kimelegea na kuungua mpaka kikawa cheusi. Kilisafishwa, kikakazwa, na kipimo cha betri kikapanda hadi 14.1. Jumatatu fundi alipofika alicheka sana, akaomba aazimwe ile mita. Hakuwa mwizi. Hakuwa na mita.

Betri inayokufa baada ya gari kukaa siku tatu bila kutembea ni kesi tofauti. Hapo kuna kitu kinachokunywa umeme usiku. Waya wa hasi hufunguliwa, na mita, ikiwa imegeuzwa kupima ampea kwa tundu lake la 10, huwekwa katikati ya waya huo na kichwa cha betri. Injini isijaribiwe kuwashwa wakati huo, la sivyo mita itaungua. Milango ifungwe na watu wangoje nusu saa hivi, kwa sababu baadhi ya mitambo ya gari huchelewa kulala. Kipimo kikiwa chini ya ampea 0.05, hakuna la kulaumu. Kikiwa 0.5, betri ya ampea-saa 45 itamalizwa kwa saa 90, yaani chini ya siku nne, na itashindwa kuzungusha stata mapema kuliko hapo. Fyuzi zichomolewe moja baada ya nyingine na kurudishwa, mpaka ipatikane ile ambayo ikitoka kipimo kinashuka. Aghalabu mkosaji huwa ni taa ya buti isiyozimika, au redio.

Juu ya redio yafaa tuseme zaidi. Masafa ya FM ya Japani yalipangwa kuanzia megahezi 76 mpaka 90, hali yetu sisi ni kutoka 87.5 mpaka 108. Gari lililofika jana kutoka Yokohama haliwezi kusikia vituo vyetu vingi, na mwenyewe hawezi kuvumilia safari ya Mbarara akiwa kimya. Kwa hiyo jambo la kwanza analofanyiwa mgeni huyu ni kung'olewa redio na kukatwa waya nyuma ya dashibodi. Waya hizo hupotanishwa kwa vidole, huzungushiwa tepu, husukumwa ndani. Baadaye huongezwa king'ora cha wezi, kisha taa za mapambo, kila kimoja kikidandia waya wa mwenzake. Miaka mitano ikipita, tepu imekauka kwa jua na kubanduka, waya zimeanza kugusana, na fyuzi inakatika kila mvua inyeshapo. Mtu anayetafuta hitilafu katika gari la mtumba asianze na kile Mjapani alichokifunga kiwandani. Aanze na kile kilichoongezwa hapa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye tabia tunayoilaani. Fyuzi ikikatika mara ya pili, wako watu wanaochukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara wakaizungushia, au wanaoweka kipande cha waya, au wanaotoa nyekundu ya ampea 10 na kuchomeka kijani ya ampea 30, kisha wakashangilia kwamba gari limepona. Halikupona. Fyuzi ni mlinzi wa zamu, na kukatika kwake ni taarifa kwamba ameona adui. Joto la waya huongezeka kwa mraba wa umeme upitao: waya uliokusudiwa ampea 10, ukipitishiwa 30, hutoa joto mara tisa. Plastiki yake huyeyuka kwanza, halafu huwasha mazulia na viti. Tukumbuke pia kwamba bomba la petroli halipo mbali. Taa mbili kubwa za mbele, za wati 55 kila moja, hula kiasi cha ampea 9 tu. Sasa ni kitu gani ndani ya Kikumi kinachohitaji waya mzima wa shaba mahali pa fyuzi ndogo? Rangi zake zimekubaliwa katika dunia nzima: nyekundu 10, buluu 15, manjano 20, kijani 30. Mchoro wa mahali pa kila moja umo aghalabu katika kifuniko cha sanduku, nao hata ukiwa kwa Kijapani tarakimu zake ni zile zile zetu.

Taa za nyuma nazo zina lugha yake. Indiketa inayopepesa haraka kupita kawaida yasema kwamba balbu moja ya upande ule imekufa. Mguu ukikanyaga breki na indiketa ikaanza kung'aa kwa uhafifu, au taa zote za upande mmoja zikafifia pamoja, balbu hazina kosa: waya wa ardhi wa taa ile, unaourudisha umeme kwenye mwili wa gari, umeshika kutu au umelegea, na umeme unajitafutia njia nyingine ya kurudi kupitia balbu za jirani. Skrubu moja ikikwanguliwa kwa msasa na kukazwa, yote huisha. Ukaguzi wenyewe hauhitaji mita wala fundi. Mtoto wa miaka kumi asimame nyuma ya gari jioni na kusema "inawaka" au "haiwaki". Aendeshaye usiku kwenye barabara ya Masaka bila taa za breki, huku lori limemfuata mgongoni, hana haki ya kusema hakuwa na nafasi.

Mipaka ipo, nayo isivukwe. Waya zilizofunikwa kwa manjano chini ya usukani kwa kawaida ni za mifuko ya hewa, ambayo huweza kulipuka usoni mwa anayezichokoa. Zile nene za rangi ya machungwa katika magari yatumiayo petroli pamoja na umeme, kama Toyota Prius, hubeba zaidi ya volti 200, na volti hizo huua. Huko aende fundi aliyesomea, na mwenye gari akae mbali.

Kwa mafundi wetu tuna ombi moja. Risiti ya kazi ya umeme iandikwe vipimo viwili, kimoja cha kabla ya kazi na kingine cha baada yake: betri kiasi gani, altaneta kiasi gani, umeme unaonyonywa gari likiwa limezimwa kiasi gani. Gharama yake ni wino. Fundi aliyepima ataaminiwa bei yake, na asiyepima ataulizwa. Na siku gari litakapouzwa, mnunuzi apewe karatasi hizo pamoja na kadi ya gari, ajue ni nini kilichoguswa nyuma ya ile redio na nani aliyekigusa.