"Nilitumwa" si jibu

Waandishi wa programu wa Kenya tuna jibu letu la pamoja, na mimi limenichosha. Uliza ni nani aliyeandika zile programu za mikopo zilizokuwa zikichota majina na nambari zote kwenye simu ya mkopaji, ili akichelewa kulipa mkwe wake na mkubwa wake wa kazi wapigiwe simu. Utaambiwa: "Mdosi alitaka hivyo, mimi nilitumwa tu." Wengine huongeza na methali, mjumbe hauawi.

Haya basi. Mjumbe huchukua maneno yaliyokwisha kusemwa. Sisi si wajumbe, ni mafundi. Bila mikono yetu agizo la mdosi ni domo la mkutanoni tu. Sisi ndio tunaolifanya litende kazi usiku na mchana, juu ya watu tusiowajua. Tena Kiswahili kina mtego wake hapa: anayetumwa asiwe na la kusema huitwa mtumwa. Ajabu mtu aliyesoma miaka minne chuo kikuu kujitetea kwa neno hilo.

Tazameni Volkswagen. Septemba 2015 ilikiri kwamba magari ya dizeli kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu ya udanganyifu. Programu iliangalia usukani, mwendo wa gari na muda ambao injini imekuwa ikinguruma. Ikitambua kwamba gari liko kwenye mtambo wa kupimia, ilisafisha moshi vizuri. Gari likitoka barabarani usafishaji ulilegezwa, na baadhi ya magari huko Marekani yalitoa gesi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Kama fundi nasema ni kazi ya ustadi, na ndiyo maana inatia kichefuchefu. Haikuwa hitilafu. Mtu aliketi akaifikiria, akaijaribu, akaona inafanya kazi.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Maelezo ambayo kampuni yenyewe iliyakubali mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2017 yanasema kwamba huko nyuma, mwaka 2006, baadhi ya wahandisi walipinga. Mkubwa wao akaamua kazi iendelee, na akawaagiza wasije wakakamatwa. Kazi ikaendelea. Yaani dhamiri ilisema, ikasikika kikaoni, kisha watu wakarudi mezani kumalizia. Kupinga saa nne asubuhi na kuandika kile kile saa sita, mimi sioni tofauti yake kwa mtoto anayevuta ule moshi.

Na utiifu huo ulilipwa nini? Oktoba 2015 mkuu wa kampuni hiyo Marekani, Michael Horn, aliwaambia wabunge wa huko kwamba huo haukuwa uamuzi wa kampuni, bali wahandisi wawili hivi wa programu. Agosti 2017 mhandisi James Liang, mwajiriwa wao tangu 1983, alihukumiwa kifungo cha miezi 40 ingawa alikuwa amekiri na kuwasaidia wapelelezi. Ndugu zangu, Git huweka jina la aliyeandika kila mstari, na tarehe na saa. Haina pahali pa jina la aliyeagiza.

Najua mtakaloniambia: kodi ya nyumba, karo, mama kijijini. Ni kweli, wala sitapamba. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Aliona mabilioni yakilipwa kampuni ya Goldenberg kwa mauzo ya dhahabu na almasi yaliyokuwa ya karatasi tu, akawapa wabunge wa upinzani nyaraka. Mwaka 1993 alikamatwa kwa kutoa siri za serikali. Mashtaka yalianguka, lakini kazi hakurudishiwa. Mwaka 2004 alipewa tuzo ya uadilifu, na 2006 akafa maskini. Tuzo haipikwi ikaliwa, na nchi iliyomtendea hivyo haina uso wa kuwahubiria vijana.

Kwa hiyo simwambii mtu awe Munyakei. Ila kati ya Munyakei na Liang pana uwanja mpana, na wengi wetu hata kuukanyaga hatujaukanyaga. Omba agizo kwa maandishi, na jina la anayelitoa. Nimeona maagizo mengi yakifia hapo hapo, kwa maana mdosi naye anaogopa saini yake. Mtajie Sheria ya Kulinda Data ya 2019, umuulize ni nani atakayejibu ofisi ya Kamishna ikiandika barua. Likirudi bado, weka jina la aliyeagiza kwenye maelezo ya mabadiliko unapohifadhi kazi nyingine, na kile kipande kimoja useme hukiandiki. Hujaacha kazi, umekataa kipande. Wakitaka kukufukuza kwa hilo, nalo waliweke kwa maandishi.