Ufahamu si kudondoa: Tunawapima watoto wetu nini?

Mtoto aweza kusoma kifungu kizima cha Kiswahili bila kukwama, akajibu maswali yote na kupata alama kamili, ilhali hakuelewa hata sentensi moja. Wapo watakaodhani natia chumvi. Nami ningedhani hivyo laiti nisingeyaona kwa macho yangu hapa Shirere, viungani mwa mji wa Kakamega.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, aliniomba nimtembelee darasani mwake. Wanafunzi wake wa gredi ya nne walikuwa wamefanya zoezi la ufahamu juu ya mvuvi aliyeabiri mashua alfajiri pepo za kusi zilipovuma. Kijana wa kwanza darasani alikuwa amepata kumi kwa kumi. Nilimwomba anisomee kifungu hicho kwa sauti, akakisoma kama mtangazaji wa redio. Nilipomuuliza mvuvi alifanya nini, alijibu papo hapo: "Aliabiri mashua, mwalimu." Nikamuuliza tena, kuabiri ni kufanya nini? Alifikiri kidogo, kisha akasema ni kuosha, kama vijana wa bodaboda wanavyoosha pikipiki zao mtoni.

Kwenye dawati la nyuma palikuwa na msichana aliyepata alama tatu. Alisoma kwa kusitasita, akifuata mstari kwa kidole. Nilimpa kifungu kingine kifupi, cha mama aliyerudi kutoka sokoni na kapu lake la mboga likiwa bado limejaa, kisha akawaambia wanawe kwamba jioni ile hapatakuwa na sukari. Swali langu lilikuwa: kwa nini hapakuwa na sukari? Kifungu hakikutaja sababu. Kijana wa kwanza alikipekua juu hadi chini, akakosa la kudondoa, akanyamaza. Yule msichana aliomba ruhusa ajibu kwa lugha ya nyumbani kwao, nayo ni Kiisukha. Alisema mama hakuuza mboga, kwa hiyo hakupata pesa.

Ni nani kati ya hawa wawili aliyejua kusoma? Daftari la alama lilikuwa limekwisha kuamua, na uamuzi wake ulikuwa wa makosa. Kijana anapandishwa gredi akibeba pengo ambalo hakuna aliyeliona. Msichana naye amekwisha kuamini kwamba yeye ni mzito. Uhai wa suala hili umo hapo, wala si katika nadharia.

Kosa si la mwalimu yule peke yake. Ni la aina ya maswali tuliyozoea kutunga. Hebu msomaji atazame sentensi hizi nilizobuni: "Sungura alimfubeta kizogwe penye jandoro. Kizogwe akatoa vipeko viwili." Sasa jibu: Sungura alimfubeta nani? Alimfubeta wapi? Kizogwe alitoa vipeko vingapi? Bila shaka umepata tatu kwa tatu, na wala hakuna kizogwe duniani. Sarufi ya Kiswahili ndiyo iliyokujibia. Kiambishi -m- katika kitenzi kilikuonyesha mtendwa, neno "penye" likakuonyesha mahali, nao upatanisho wa "vipeko viwili" ukakupa idadi. Mtoto mwerevu hugundua siri hii mapema. Hulitafuta neno la swali ndani ya kifungu, akanakili lililo jirani yake. Hii ni kazi ya macho, nasi twaiita ufahamu.

Hatari hii ni kubwa zaidi katika Kiswahili kuliko katika Kiingereza, kwa sababu hati yetu ni nyofu. Mtoto akishazijua silabi zake, hakuna neno asiloweza kulitamka, liwe analijua au halijui. Mwaka 1986 wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walieleza kwamba kusoma ni zao la mambo mawili: uwezo wa kufumbua maandishi, mara uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Walisema ni kuzidisha, si kujumlisha. Kitu chochote ukikizidisha kwa sufuri, hupata sufuri. Kijana wetu wa mashua alikuwa na kingi cha kwanza na kichache cha pili. Msichana alikuwa kinyume chake. Wote wawili wanahitaji msaada, lakini si msaada wa aina moja, na mtihani usioweza kuwatenganisha haumfai mwalimu kitu.

Tumefikaje hapa? Kwa miaka mingi mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ndio uliotawala madarasa yetu. Katika karatasi ya Kiswahili ya miaka yake ya baadaye, maswali 20 kati ya 50 yalikuwa ya ufahamu, kila moja likiwa na majibu manne ya kuchagua. Mtoto aliyebahatisha yote kwa macho mafumbo angetarajiwa kupata kama matano. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 ulituahidi njia nyingine. Hata hivyo, tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita, iliyofanywa kwanza mwaka 2022, nayo ni ya kuchagua majibu, na shule nyingi zingali zikinunua mitihani ya mwisho wa muhula iliyokwisha kuchapishwa. Jina la mtaala limebadilika, mazoea ya dawati hayajabadilika.

Sisemi kwamba hakuna waliojaribu. Tangu mwaka 2009 mradi wa Uwezo, ulioiga mfano wa India, ulipeleka watu nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kwa herufi, maneno, aya, na hadithi ya kiwango cha darasa la pili, ikifuatwa na maswali mafupi. Ripoti zake zilitushtua, kwani zilionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi hiyo. Kipimo kingine, kijulikanacho kwa jina la EGRA, kilitumiwa Malindi mwaka 2007, na baadaye katika mpango wa Tusome ulioenea nchini kuanzia mwaka 2015. Hapo mtoto husoma kwa dakika moja, maneno aliyoyasoma sawasawa huhesabiwa, kisha huulizwa maswali machache. Vipimo hivi vilifanya jambo jema: vilimketisha mtu mzima na mtoto mmoja na kumsikiliza.

Lakini kuhesabu maneno nako kuna mitego yake. Neno letu moja, "hawatanipikia", huhitaji maneno sita ya Kiingereza. Ndiyo maana kiwango kilichowekwa nchini cha msomaji stadi kilikuwa maneno 65 kwa dakika katika Kiingereza, na 45 tu katika Kiswahili. Asiyeyajua haya atadhani watoto wetu ni wazembe katika lugha ya taifa. Aidha, kasi ni njia, si mwisho wa safari. Mwalimu akiambiwa kwamba darasa lake litapimwa kwa saa, atafundisha mbio.

Napendekeza basi mambo manne ambayo mwalimu aweza kuyaanza Jumatatu ijayo bila kungoja waraka wa wizara.

Kwanza, katika kila maswali kumi, angalau manne yasiwe na jibu la kunakiliwa. Yaulize kwa nini, unadhani nini kitafuata, mhusika alihisi vipi na umejuaje. Jibu lipatikane kwa kuunganisha sentensi mbili au tatu.

Pili, kabla ya kuwapa watoto zoezi, mpe mtu maswali yako bila kifungu. Akiyajibu, yatupe. Swali kama "Kwa nini ni muhimu kunawa mikono kabla ya kula?" hupima mafunzo ya nyumbani, halipimi kusoma.

Tatu, tuchague vifungu kwa haki. Mtoto wa Lamu ana faida katika habari za jahazi na kusi. Wa Shirere ana faida katika habari za miwa na ngoma ya isukuti. Sisemi watoto wetu wasisome habari za bahari. La hasha! Wasome, wapanue dunia yao. Lakini pale tunapopima, tuwe na uhakika kwamba tunapima kusoma, wala hatumwadhibu mtoto kwa kutozaliwa pwani.

Nne, tumruhusu mtoto asimulie alichokisoma kwa maneno yake, hata kwa lugha ya mama. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, sera yetu imekubali lugha ya eneo katika madarasa ya chini. Akisimulia kwa Kiisukha, Kiidakho au Kitsotso habari aliyoisoma kwa Kiswahili, huo ni ushahidi wa ufahamu usio na kifani. Kiswahili chake cha kujieleza kipimwe siku nyingine, kwa alama nyingine.

Mwalimu yule aliponisikiliza alicheka. "Daktari," akaniambia, "nina watoto sabini. Nitawasikiliza saa ngapi?" Ni swali la haki, nami silidharau, mimi nafundisha watu wazima wanaojiandikia wenyewe. Hata hivyo tulipiga hesabu pamoja. Watoto watano kwa siku, dakika tatu kila mmoja, ni robo saa. Kwa siku 14 za masomo atakuwa amewasikiliza wote sabini, na muhula utakuwa ungali na wiki nyingi mbele. Alikubali kujaribu, akaanza na dawati la nyuma.

Haya hayataondoa uhaba wa walimu wala msongamano wa madarasa, na serikali haina budi kuyashughulikia hayo. Vyuo vya ualimu navyo vifundishe utungaji wa maswali kama somo kamili, si kama nyongeza ya wiki ya mwisho. Nanyi mnaosomea ualimu leo, mkumbuke kwamba swali mnaloliandika ubaoni humfundisha mtoto maana ya kusoma. Mkimuuliza tu nani na wapi, atajua kwamba kusoma ni kutafuta na kunakili. Mkimuuliza kwa nini, atajua kwamba maandishi husema zaidi ya yanayoonekana, na kwamba yeye, hata akisoma polepole kwa kidole, anatarajiwa kufikiri.