Aliyengoja juu ya tofali

Leo naomba tufike pamoja Pandharpur, mji wa jimbo la Maharashtra huko India, ambako Wahindu humwabudu Vitthal. Sanamu yake imesimama juu ya tofali, mikono kiunoni, kama mtu anayesubiri.

Wenyewe husimulia kwamba kijana Pundalik alikuwa akiwahudumia wazazi wake wazee, mungu wake akaja kumtembelea. Pundalik hakuacha kazi. Alimtupia mgeni tofali la kusimamia, akamwomba angoje kwanza amalize kwa baba na mama. Mgeni hakukasirika, akangoja. Alipoambiwa aombe atakalo, Pundalik hakutaja mali. Aliomba mgeni abaki pale pale, ili na wengine wamwone.

Ibada hii huitwa bhakti: kumpenda Mungu kwa ajili yake mwenyewe, bila kudai malipo. Kila mwaka, kati ya Juni na Julai, maelfu kwa maelfu huenda Pandharpur kwa miguu wakiimba nyimbo za Tukaram, mwenye duka wa karne ya 17 aliyefilisika wakati wa njaa. Mshairi Narayan Vaman Tilak, Mhindu aliyebatizwa mwaka 1895, alikiri kwamba Tukaram ndiye aliyekuwa daraja lake la kumfikia Kristo.

Siandiki haya ili uanze kusujudia sanamu, la hasha. Lakini tofali lile limenisumbua wiki nzima. Katika Marko 7 Yesu anawakemea waliotangaza mali yao kuwa Korbani, wakfu kwa Mungu, kumbe wapate kuwanyima baba na mama.

Na sisi? Tunakesha Ijumaa. Tunapanda mbegu huku tukihesabu mavuno. Tunatoa ahadi ya ujenzi mbele ya kusanyiko, tunapigiwa makofi, na mama kijijini amekatisha dawa za presha kwa kukosa nauli ya kwenda kliniki. Mimi mwenyewe niliwahi kuikata simu ya mama mara tatu nikiwa kwenye kikao cha kamati ya kanisa, nikijiona mtumishi kweli kweli. Kumbe alitaka tu kujua kama nimekula.

Ibada ikiisha leo, mpigie wako. Na kama atakutangulia kupiga katikati ya maombi, toka nje upokee.