Fomula ya Karo na Miwa ya Navakholo

Mkulima wa miwa wa Bunyala Mashariki, huku Navakholo katika Kakamega, ukimuuliza hupata shilingi ngapi kwa mwezi, atashindwa kukujibu, na si kwamba anakuficha. Miwa mipya hukaa shambani karibu miezi 18. Ikishakatwa na kusombwa, gharama za mbolea, kulima na usafiri hutolewa kwanza, kisha mwenye shamba husubiri malipo yanayochelewa mara kwa mara. Kati ya mavuno na mavuno, nyumba huendeshwa na mahindi, kuku, vibarua na M-Pesa ya ndugu aliyeko Nairobi.

Mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu, uliotangazwa na Rais William Ruto Mei 2023, unaitaka familia hiyo iwe na kipato cha mwezi. Kufikia 2024 wanafunzi walikuwa wakigawanywa na kompyuta, kwa fomula ya kupima uwezo wa familia, katika bendi tano. Ya kwanza ilikuwa ya familia zisizozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, nazo zilitakiwa kulipa asilimia 5 tu ya gharama ya kozi. Ya tano ilikuwa ya wanaopita shilingi 120,000, ambao walipaswa kulipa asilimia 40. Tofauti ya bendi moja kwa familia ya Ingotse, hukuhuku Navakholo, ni ng'ombe kuuzwa, au mtoto kubaki nyumbani na barua yake ya kujiunga.

Sipingi wazo la mwenye nacho kulipa zaidi. Mfumo wa awali uliahidi kwamba serikali ingegharamia asilimia 80 ya kila kozi. Mwaka wa fedha wa 2022/23 ilitoa takriban asilimia 48, na vyuo vikazama kwenye madeni. Takwimu hizo zilikusanywa, zikasomwa, zikawasukuma viongozi kuchukua hatua. Lakini ilipofika zamu ya kuuliza umaskini wa kijijini unapimwaje, haraka ilishinda. Utafiti ulisikilizwa ulipoonyesha pengo la fedha, na haukusubiriwa ulipohitajika kuonyesha nani hana.

Wapo watakaosema kompyuta ni afadhali kuliko kamati ya basari, ambako jina la baba yako au kura uliyopiga huweza kuamua. Hoja hiyo ina uzito. Chifu na liguru, yaani mzee wa kijiji, wanaijua nyumba isiyo na paa zima, lakini wanajua pia ni nyumba ya nani. Fomula haina ukoo. Hata hivyo liguru unaweza kumkabili barazani mbele ya majirani, akaeleza kwa nini alimpita mtoto wa mjane. Fomula ambayo mzazi hajaonyeshwa uzito wa kila kigezo chake ataikabili wapi?

Wanafunzi walikata rufaa kupitia mfumo wenyewe, na watetezi wa haki wakaenda mahakamani. Desemba 20, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba mpango huo ulikiuka Katiba, kwa ubaguzi na kwa kutowashirikisha wananchi ipasavyo. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasitisha utekelezaji wa uamuzi huo. Mawakili wataendelea kuvutana. Mimi linaloniuma ni kwamba yaliyosikika kwanza mahakamani yangeweza kusikika barazani Nambacha, Navakholo, kabla ya mwanafunzi wa kwanza kupangiwa bendi.

Na wa kuyasikiliza hawako mbali. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mjini Kakamega, na kinafundisha watoto wa wakulima hawahawa. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilikusudia asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti, kiwango ambacho Kenya haijakikaribia. Sehemu ndogo sana ya fedha hizo ingetosha kuwatuma watafiti vijijini Navakholo kwa msimu mzima wa miwa, walinganishe bendi iliyotolewa na kompyuta na maisha yaliyopo nyumbani.

Mafaili ya rufaa nayo yasichukuliwe kuwa malalamiko ya kufungwa. Hayo ni data ambayo wananchi wameileta wenyewe bila malipo: wapi fomula imekosea, kwa nani, na kwa kiasi gani. Wizara iyafungue kwa watafiti, majina yakiwa yameondolewa, na ichapishe uzito wa kila kigezo. Matokeo yasomwe katika mabaraza ya machifu kabla ya usajili wa Septemba, wakati mzazi bado anaweza kuuliza na afisa bado anaweza kurekebisha.