TAHARIRI: Tunapokwenda kwa watu, tunakuwaje?

Mwaka 2021 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza faini kwa watalii wanaotembea mitaani nusu uchi, na kwa waongozaji wanaowatembeza hivyo. Wengi wetu tulioko ughaibuni tuliunga mkono. Mji Mkongwe si ufukwe. Ni mji wa watu, wenye misikiti, vyuo vya Kurani na wazee barazani.

Lakini haki tunayoidai kwetu tunawajibika kuitoa kwa wenzetu. Huko Oman, kula hadharani mchana wa Ramadhani ni kosa katika Sheria ya Adhabu ya mwaka 2018. Falme za Kiarabu, kumpiga mtu picha bila ridhaa yake kunaweza kukufikisha mahakamani. Hapa Uingereza, anayevuruga foleni hafungwi, ila hukumu yake ataisoma katika macho ya waliosimama nyuma yake.

Hatusemi mgeni aache dini, lugha au vazi lake. Tunasema aulize kabla ya kupiga picha, avue viatu anapoona wenyeji wamevua, na ajifunze salamu na neno la ahsante. Hayo hayahitaji fedha.

Msafiri hukaa wiki mbili akaondoka. Anayelipa deni lake ni ndugu yake aliyebaki, anayetafuta nyumba au kazi na kuambiwa: "Nyinyi tunawajua." Mgeni ni kuku mweupe, akijichafua, doa huonekana kwa kundi zima.