Barua ya wazi kwa AAT: Injini ya mbio ipimwe hapa hapa Korogwe

Ndugu Viongozi wa Chama cha Mbio za Magari Tanzania (AAT),

Vijana wa gereji za Korogwe na Handeni wanataka daraja la mbio la watu wenye kipato cha chini, na kitakachowakwamisha si njia wala dereva. Njia za vumbi katika mashamba ya mkonge zipo, na mbio wanaziweza, waulizeni abiria wa michomoko, yale magari madogo yanayobeba abiria. Kinachosumbua ni kukubaliana kifaa gani kiruhusiwe ndani ya injini na kipi kikataliwe.

Gari lenyewe halina ubishi. Probox na IST zenye injini ya 1NZ ziko kila kijiwe, kuanzia Chanika hadi Mombo. Injini hiyo ina ujazo wa sisi (cc) 1,497. Kipenyo cha silinda ni milimita 75, na pistoni husafiri milimita 84.7.

Ubishi utaanza mkiandika kwamba spea zote ziwe "orijino". Injini ikianza kula oili, mwenye nazo hununua nyingine ya mtumba. Asiye nazo huchongesha silinda na kuweka pistoni zilizozidi kwa nusu milimita. Pigeni hesabu: ujazo unafika kama sisi 1,517. Kwa anayeishika kanuni kwa herufi zake, huyu amedanganya. Gerejini tunajua ameokoa injini iliyokuwa inakwenda kuuzwa chuma chakavu. Na boksi la spea lenye nembo lisiwe ushahidi wa chochote, maana maboksi nayo yanachapishwa.

Wala unene wa kitabu cha kanuni hautatuokoa. Mwaka 1995, katika Rali ya Catalunya huko Hispania, wakaguzi wa FIA, shirikisho la magari la dunia, waligundua kwamba Celica za timu ya Toyota zilikuwa na ujanja kwenye turbo: kizuizi cha hewa cha milimita 34 kilisogea kikifungwa gerejini, hewa ikapenya pembeni, na ukikifungua kukikagua kinarudi mahali pake kama kitoto cha mama. Timu ilifutiwa matokeo ya msimu na kufungiwa miezi 12. Kama hayo yalifanyika mbele ya wakaguzi wa dunia, sisi tutamkamata nani kwa kusoma namba za spea?

Ombi langu ni moja: kifaa kiwe halali au haramu kwa kipimo ambacho fundi wa Korogwe anaweza kukichukua mbele ya mwenye gari, bila kushusha injini. Usafiri wa pistoni ni rahisi. Chomoa plagi, ingiza kijiti, zungusha kranki kwa spana, weka alama pistoni ikiwa juu kabisa na ikiwa chini kabisa. Anayebadilisha kranki ataonekana hapo hapo. Kemshafti nayo haihitaji maabara: fungua kava la juu, weka saa ya kupimia, linganisha valvu inavyoshuka na injini ya mfano, ambayo napendekeza itunzwe chuo cha ufundi cha VETA Tanga, ambako haina mshindani wa kuipendelea. Kipenyo cha silinda ndicho kinachodai kufungua hedi, kwa hiyo kipimwe kwa mshindi peke yake, kanuni iruhusu ile nusu milimita, na gasketi mpya ilipwe na mwandaaji. Elementi ya hewa iachwe huru. Anayejua vumbi la Handeni hatauliza kwa nini.

Kilichobaki ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na hapo macho hayasaidii, kwa kuwa iliyochezewa na isiyochezewa zinafanana. Dawa ni kura. Waandaaji wawe na kontroli boksi zao, asubuhi ya mbio kila dereva achote moja, jioni airudishe. Za gia za mkono na za otomatiki ziwe kwenye makapu mawili, zisichanganywe.

Marekani, katika viwanja vya vumbi, wapo wanaotumia dawa nyingine: mshindani anaweza kuinunua injini ya mwenzake kwa bei iliyopangwa kabla, hivyo hakuna anayemwaga fedha kwenye injini itakayochukuliwa. Ni akili nzuri, ila kwetu siitaki. Gari la mbio la Jumapili ndilo litakalobeba abiria Jumatatu, na mwenye fedha angemng'olea fundi maskini injini yake kihalali kabisa.

Kwenye mikanda, helmeti na fremu ya chuma ya kumkinga dereva gari likibingirika, msipunguze kitu. Hapo tumieni kitabu cha FIA chote.

Na msituambie kwamba mbio za kuangalia mfuko ni jambo geni. Coronation Safari ya mwaka 1953, iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, iliyagawa magari kwa bei yake ya dukani.

Mtumeni mkaguzi mmoja wa ufundi aje Korogwe. Tutamwekea Probox mbili, moja ikiwa na silinda zilizochongwa, azipime kwa vifaa vyetu na kwa vyake. Vipimo vikipishana, tuandikieni vimepishana kwa kiasi gani, ili tujue kanuni iache nafasi ya milimita ngapi.

Wenu katika michezo,
Fundi wa gereji, Korogwe

Nakala: Baraza la Michezo la Taifa (BMT)